Aliyeiua Injini ya Mkonge

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nimefanya kazi ya kuhakiki vyeti katika ofisi moja ya serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi ile ukiifanya muda mrefu inakuharibu. Nimeshika mihuri iliyochongwa kwa soli ya kandambili. Nimesoma cheti cha mtu aliyemaliza darasa la saba mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa. Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, na mpaka leo nikinunua gunia la mkaa nalimwaga lote mbele ya muuzaji nione katikati kuna nini. Wanangu husema siku nikifa nitamwomba malaika kitambulisho chake kwanza.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari aliponipigia simu na kusema anatafuta historia ya injini ya moshi aliyoendesha marehemu baba yangu, sikumwambia karibu wala asante. Nilimuuliza nani kamtuma.

Akacheka, akasema hajatumwa na mtu. Ni mwalimu wa historia, dada wa miaka thelathini hivi, amehamia Kibaha kutoka Singida, na wanafunzi wake ndio waliomwonyesha lile boila la injini, pipa la chuma la kuchemshia maji, lililobaki kwenye viwanja karibu na lilipokuwa shamba la mkonge. Anataka livutwe hadi shuleni, lipakwe rangi, lisimamishwe mbele ya ofisi pamoja na kibao cha maelezo. Maneno ya kibao alikuwa ameshayaandaa kwa kuuliza wazee. Akanisomea kwenye simu: kwamba injini hii ilivuta mkonge kutoka mashambani hadi kituo cha reli kubwa, kwamba dereva wake wa mwisho alikuwa baba yangu, jina lake lote likatajwa mpaka la babu, na kwamba iliharibika kwa uzembe wa fayamani wake, mchochea moto, aliyeacha maji yakauke. Jina la fayamani nalo likatajwa lote.

"Nakuomba tu uthibitishe, mama," akasema. "Kibao kinaenda kwa fundi Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia nitampigia.

Nilikuwa na shaka mbili, na zote zilinikaa kifuani kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa juu yake yeye. Kutoka kwangu hadi viwanda vya Zegereni si mbali, na kule kuna wanaonunua chuma chakavu kwa uzito. Mtu anayetaka kuhamisha tani za chuma kwa ajili ya historia, mimi simwamini mpaka nimwone. Shaka ya pili ilikuwa ya zamani na ilinihusu mwenyewe. Yale maneno kwamba fayamani ndiye aliyeiua injini niliyasikia mara ya kwanza kutoka kinywani mwa baba, nikiwa na miaka tisa, na tangu siku ile sijawahi kuyaamini sawasawa. Sasa yalikuwa yanataka kuandikwa kwa rangi, yasomwe na watoto wa shule kila asubuhi, na fayamani mwenyewe yu hai. Anakaa Chole, wilaya ya Kisarawe.

Ile injini wafanyakazi waliiita Mkwe. Baba alisema iliitwa hivyo kwa sababu huwezi kuikaribia bila adabu, inakula sana, na hata ukiihudumia vipi haisemi asante. Ilikuwa ndogo. Ukisimama pembeni ya reli, bomba la moshi lilikuwa halipiti urefu wa dari la nyumba yetu ya kota. Ilitumia kuni, na kuni zake zilikatwa na wanaume sita kila siku.

Kuhusu ilikotoka, sikuwahi kupata maelezo mawili yanayofanana. Baba alisema ililetwa kwa meli na Wajerumani. Mnyapara mkuu alisema ilinunuliwa India ikiwa tayari imechoka. Fundi wa karakana, ambaye ndiye aliyeifungua na kuifunga kila mwaka, alisema ilitoka shamba jingine la mkonge kule Tanga, na kwamba kwa kweli si injini moja bali ni mbili: boila la moja limekalishwa juu ya magurudumu ya nyingine. Aliwahi kunionyesha. Namba iliyogongwa kwenye boila ilikuwa haifanani na namba ya kwenye fremu. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilizinakili zote mbili nyuma ya daftari la hesabu. Nadhani kazi yangu ya uhakiki ilianzia pale.

Baba alikuwa Mnyamwezi, alikuja na treni kutoka Tabora akiwa kijana kukata mkonge, akapanda hadi kuwa dereva. Fayamani alikuwa Mzaramo wa Chole. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na hao wawili utani wao ulikuwa wa kutwa nzima. Fayamani alikuwa akija nyumbani kwetu anafunua sufuria bila kuomba, anasema Mnyamwezi kapika nini leo, na mama alikuwa anamfukuza kwa mwiko huku akimpakulia. Baba naye alikuwa akichukua kofia ya mwenzake na kuifutia mafuta. Walikula sahani moja. Asubuhi walikuwa wanaondoka pamoja kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu Mkwe alihitaji saa mbili na zaidi kupata mvuke.

Siku ilipoharibika nilikuwa shuleni. Ulisikika mlio, haukuwa wa honi, ulikuwa kama mtu anapasua kitambaa kikubwa sana, na mwalimu akaacha kuandika. Tulikimbilia relini. Injini ilikuwa imesimama katikati ya mashamba ikitoa mvuke pasipotakiwa kutoa, na wanaume wanne walikuwa wamembeba fayamani kwenye gunia la mkonge lililopitishwa miti miwili. Mkono wake wa kulia na shavu vilikuwa vimebadilika rangi. Halii, anahema tu. Baba alikuwa amekaa kwenye tuta la reli, mzima, hana hata mkwaruzo, kwa sababu wakati ule alikuwa ameshuka mbele kuondoa gogo.

Alipofika nyumbani mama alimuuliza imekuwaje. Akasema, "Fayamani kaacha maji yamekauka." Akasema hivyo hivyo kwa meneja siku ya pili, akasema hivyo hivyo kwa kila aliyeuliza. Maneno yalikuwa yale yale, hayaongezeki wala hayapungui. Baadaye sana, kazini, nilijifunza kuwaogopa watu wanaojibu swali moja kwa maneno yale yale kila mara. Mtu anayekumbuka hukosea kidogo.

Kuna jambo jingine nililoliona nikiwa mtoto nikashindwa kulimeza. Fayamani alilazwa hospitali miezi miwili na baba hakwenda kumwona. Mtani haachi kumtembelea mtani wake mgonjwa. Hata kama ni kwa kumcheka tu, ataenda, atasimama kitandani na kumwambia Mzaramo umependeza, leo umeiva vizuri. Mama alikwenda mara tatu na uji. Baba kila mara alikuwa na kazi. Fayamani alipotoka hospitali alikuta ameachishwa, akafungasha akarudi kwao Chole. Injini haikutengenezwa tena. Shamba likaleta matrekta, baba akapewa trekta moja, na miaka mingi baadaye alipostaafu watu wa pale walikuwa wanamwita dereva wa Mkwe na kumpa kiti mbele kwenye sherehe.

Mtu mwingine yeyote angeyasahau hayo. Mimi nilikuwa nimeanza kuyasahau mpaka siku ya msiba wa baba.

Msiba ulikuwa hapa hapa Kibaha, miaka ishirini iliyopita. Watani walikuja kama kawaida yao. Walijifunga vilemba vya khanga, wakaiba mchele jikoni, wakazuia wapishi mpaka wapewe soda. Mmoja alilala kwenye mkeka wa wafiwa akadai yeye ndiye mjane. Hapo huruhusiwi kununa. Mtani anaweza kumtukana marehemu mbele ya watoto wake, nanyi mnacheka, na mkinuna ninyi ndio mmekosa adabu.

Jeneza likiwa bado uani, akatokea fayamani. Sikuwa nimemwona tangu utotoni, lakini nililijua lile shavu. Pale uani kulikuwa na ndoo ya plastiki inayovuja, ile ya maji ya kutawadhia. Akaikalia mbele ya watu wote, akaokota kijiti, akakisokomeza kwenye tundu la ndoo.

"Huyu marehemu," akasema kwa sauti, "akiona kitu kinavuja, mikono inamwasha! Nilimwambia, mtani, acha kivuje, hiki kinavuja kwa faida yetu. Akaziba! Akaziba kwa chuma! Haya, leo na sisi tumzibe yeye kwa udongo, tuone kama atavuja."

Uani wote ulilipuka kwa kicheko. Shangazi yangu alicheka mpaka akafuta machozi mengine juu ya yale ya msiba. Nikasimama pale, nikamtazama yule mzee akiwa amekalia ndoo, na nikaona kwamba yeye hacheki. Mtani akishatania hucheka na wewe, ndiyo raha yake. Huyu alikuwa anatuangalia mmoja mmoja usoni, sisi watoto wa marehemu, kama mtu anayengoja zamu yake ifike dirishani. Kisha wakaja wanaume kubeba jeneza na mambo yakaendelea.

Akaziba kwa chuma. Nimeishi na maneno hayo miaka ishirini na sikumuuliza mtu. Nilijiambia ni utani, na utani hauhakikiwi.

Basi Jumanne, baada ya simu ya mwalimu, nikaenda kuliona boila. Lipo kwenye mpaka wa viwanja viwili. Magurudumu, fremu, vyuma vyote vya pembeni vilishaondoka zamani, sina shaka vilipita Zegereni kwenye tanuri na sasa ni nondo za nyumba za watu. Boila lilibaki kwa sababu moja tu: wenye viwanja wote wawili wanalitumia kama alama ya mpaka, na kila mmoja anaamini mwenzake akilisogeza atamla hatua mbili. Nilipotokea nikipiga picha na simu, wote wawili walitoka. Mmoja aliniuliza kama mimi ni wa ardhi. Mwingine alimuuliza wa kwanza kama ndiye aliyeniita. Nikawaambia nimekuja kuangalia injini ya baba yangu, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza bila shaka wakakubaliana juu ya jambo, kwamba naongopa. Wakanisimamia huku na huku muda wote niliokuwa pale. Niliwaelewa kabisa.

Upande wa nyuma wa boila kuna mlango wa tanuri, pale kuni zilipoingizwa. Nilipiga magoti kwenye majani, nikapitisha mkono wenye simu, nikawasha tochi na kuchungulia juu. Paa la tanuri lilikuwa limeshuka tumbo, chuma kinene kimebonyea kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na pembeni kuna ufa. Katikati ya lile tumbo kilikuwapo kichwa cha bolti. Cha pembe nne, kikubwa, kimepata kutu sawa na vitu vingine. Nikapiga picha saba.

Sijui mambo ya maboila, na bolti ni bolti tu, pengine zilikuwa zinawekwa hivyo. Sikutaka kumhukumu baba kwa kutojua kwangu. Kwa hiyo Jumatano nilikwenda Zegereni kwa kijana wa jirani yangu anayetunza boila la kiwanda kimoja, nikamwonyesha picha wakati wa chakula bila kumwambia ni ya nani.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Hapa mama palitakiwa pawe na plagi ya risasi," akasema.

Akanieleza. Risasi ni ile metali laini, inayeyuka upesi kwenye moto. Kwenye paa la tanuri la injini za zamani waliacha tundu, wakaliziba kwa plagi yenye risasi katikati. Juu ya paa kuna maji, chini kuna moto. Maji yakiwepo, yanaipoza risasi, inakaa. Maji yakipungua kupita kiasi, risasi inayeyuka, mvuke unaumwagikia moto, moto unafifia, na dereva anajua amekosea. Injini inasimama, watu wanarudi nyumbani wazima.

"Na ukiweka bolti ya chuma?"

"Bolti haiyeyuki. Utajua maji yameisha siku paa litakapokushukia." Akarudi kuitazama picha. "Aliyefanya hivi alikuwa fundi au adui?"

Nilimwambia sijui, nikazima simu nikaondoka. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa sijui niipeleke wapi. Baba ndiye aliyekuwa na spana. Ndiye aliyesifiwa shamba zima kwa kuzuia kila kinachovuja, kuanzia injini hadi mabati ya kota. Na ndiye aliyesimama mbele ya meneja akasema fayamani kaacha maji.

Alhamisi asubuhi nilipita Kiluvya hadi Kisarawe, nikapata gari la Chole, na mwisho bodaboda iliyonishusha mlangoni kabisa. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ina baraza la saruji, na mkewe alikuwa uani anamenya mihogo. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba anasikiliza redio. Sikio moja halisikii, lile la upande wa shavu lililoungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. Kisha akapaza sauti kuelekea uani, "Mama, ficha kuku! Kaja mtoto wa Mnyamwezi, na mikononi hana hata chupa ya asali."

Mkewe akacheka, akaja kunipa mkono. Akanikaribisha, akasema chai itakuwa tayari sasa hivi. Mzee alipojitolea kuangalia birika, mkewe akamwambia akae. "Huyu usimwachie chochote chenye maji kwenye moto," akaniambia, "aliua treni huyu." Alikuwa amezoea kulisema, ilisikika. Mzee alipunguza redio.

Mkewe aliporudi uani nikamwambia mzee kwamba leo nimekuja bila utani. Nikamtolea simu, nikamwonyesha picha ya bolti.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Nilitegemea ashtuke. Alitikisa kichwa taratibu na kusema, "Bado ipo. Aliikaza vizuri."

"Ulijua?"

"Nilimshikia taa."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikwenda Chole nikiwa na mkosaji mmoja na mkosewa mmoja, nimewapanga kila mtu kwenye faili lake. Akanieleza bila haraka. Plagi ilikuwa imeanza kuvuja, tone tone, inafifisha moto. Risasi mpya ilikuwa inasubiriwa kutoka Dar wiki ya tatu. Meneja alikuwa anapita kila saa kuuliza kwa nini mkonge umelala. Baba akasema ataziba kwa bolti kwa siku mbili tu, risasi ikija atarudisha. Fayamani akamwambia hii si ya kuzibwa. Baba akamwambia shika taa. Akashika. Zile siku mbili zikawa miezi.

"Na maji?"

"Maji yalikuwa yangu." Alilisema hili kwa ukali kidogo, kama anayekataa kupewa kitu. "Kuna kioo cha kuangalia maji. Kinapulizwa kila asubuhi, kisizibe kwa tope. Siku ile sikukipuliza. Kikanionyesha maji ambayo hayapo. Hilo kosa ni langu, na bwana meneja asingenionea kunikata mshahara. Lakini plagi ingekuwapo, moto ungezimika, ningetukanwa, tungekwenda kula. Mimi nipo kitandani nimefungwa bandeji, baba yako akaulizwa peke yake. Akasema langu. La kwake hakulisema."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakulisema, miaka yote. Akaniambia aliporudi getini alikuta jina lake limeshafutwa, na nani angemsikiliza mtu aliyeachishwa anayemsingizia dereva? Angeulizwa pia nani alishika taa.

"Nikangoja," akasema. "Nilijua atakuja mwenyewe, mtani wangu yule. Hakuja. Akafa. Nikasema, basi nitalisemea msibani, pale nina ruhusa. Nikalisema mbele ya watoto wake, kwa sauti. Nilitaka mmoja wenu akasirike. Mtoto akikasirika ataniuliza, mzee, una maana gani. Nimjibu. Mkacheka."

"Ni utani, baba. Tungefanyaje?"

"Wale wengine walicheka kwa utani. Wewe ulikuwa unanitazama. Ulinyamaza kwanza, ukanitazama, halafu ndio ukacheka. Ukacheka kuliko wote."

Ni kweli. Sijawahi kumwambia mtu, na hapa juu nimeandika habari za kicheko cha shangazi na nimeruka changu. Niliyaelewa yale maneno siku ile ile, si yote, lakini ya kutosha. Nikaogopa kwamba nikinyamaza kidogo tu zaidi mtu mwingine ataona. Kwa hiyo nikacheka kwa nguvu, nikapiga na makofi. Mimi niliyewarudisha watu nyumbani kwa muhuri uliopinda nilipitisha uongo mmoja mkubwa bila hata kuugeuza nyuma, kwa sababu ulikuwa wa nyumbani kwangu. Nilimwambia mzee nimemkosea. Niliona aibu sana. Alisogeza tu kiti chake, sikio zima likae upande wangu.

Nikampigia mwalimu pale pale, nikaweka sauti ya nje. Nikamwambia aandike. Kwamba plagi ya usalama iliyokuwa juu ya tanuri ilizibwa kwa bolti ya chuma na dereva, nikalitaja jina la baba lote mpaka la babu. Mzee akanigusa mkono, akasema, "Na maji." Nikaongeza kwamba fayamani hakupuliza kioo cha maji asubuhi ile. Akagusa tena. "Na taa." Nikaongeza na taa. Kisha kwamba fayamani aliungua na kuachishwa kazi, na dereva hakusema lake.

"Mama, una uhakika?" mwalimu akauliza. "Huyu ni baba yako mzazi. Watoto watasoma."

"Nina uhakika. Nina picha saba na shahidi mmoja. Nisomee ulichoandika."

Akaanza kusoma. Mke wa mzee alikuwa ametoka na sinia la chai, akasimama mlangoni aliposikia jina la mumewe kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutua sinia. Kisha akalitua kwenye saruji, akamgeukia mumewe.

"Hili la bolti ulilijua siku zote?"

"Nililijua."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungesema natafuta pa kujifichia."

Mama yule alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ningesema hivyo," akasema. "Kweli ningesema."

Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwangu, akaiweka karibu na mdomo.

"Mwanangu," akamwambia mwalimu, "hebu soma tena. Anzia pale kwenye bolti."